Kelele za Feni ya Mama Zaituni

Nilistaafu kabla ya mvua hizi kuanza, na tangu siku hiyo simu yangu imegeuka kuwa atelier, karakana, ya pili. Vijana niliowaachia meza na bisibisi zangu wananipigia asubuhi ninapokunywa chai. Salamu zenyewe hawazimalizi. "Vieux, sikia," wanasema, yaani mzee, kisha wanaweka simu juu ya kompyuta ya mtu na kuniacha na feni inayolia sikioni. "Umesikia? Iko nini?" Ni feni, wanangu. Nimesikia feni. Zamani fundi alikuwa mtu anayeondoka kwenda kuangalia.

Basi naandika haya mara moja, muyasome, na mniachie chai yangu. Mishahara na vyeo sitavitaja, maana cha kwanza kilikuwa kidogo na cha pili hakikuwepo. Nitasema kuhusu mkono na sikio. Na mwishoni nitasema kuhusu feni moja ya Beni ambayo wengi wenu mnadhani mnaijua habari yake. Hamuijui, kwa sababu aliyewasimulia ni mimi.

Nilianza kazi hapa Butembo kwa Maître Muhindo, fundi wa mashine za kuandikia, za chuma, zile ambazo leo mnazitumia kuzuia mlango. Alikuwa mtu wa Lubero, aliyefundishwa kazi na mapadri, na aliishi hapa akiwa amevaa koti zito la kule mwaka mzima, hata jua likichoma mabati. Siku ya kwanza alinipa brashi ya kupaka rangi. Nikamwambia sikuja kujifunza kupaka rangi.

"Njo maana nakupatia brashi," akasema. "Mutu ule anasema mingi, anaanza na vumbi."

Nilipiga vumbi siku tatu. Mashine ilikuwa ya parokia, na kati ya herufi zake kulikuwa na nta ya mishumaa, mbawa za mende na punje moja ya maharage iliyokuwa imeota mzizi. Siku ya nne Maître alinipa bisibisi ndefu, akanionyesha kuweka ncha yake juu ya chuma na mpini wake juu ya mfupa wa sikio. Ukifanya hivyo unasikia ndani ya mashine kama daktari anavyosikia kifua. Mpaka leo sijaona chombo kilichozidi hicho, na hakihitaji umeme, jambo ambalo kwetu si dogo.

Kompyuta zilipoingia, Maître hakuzipenda. Alisema haamini mashine inayoficha meno yake. Mimi nilizipenda, kisha nikakutana na wenye nazo. Kuna mfanyabiashara wa Mbau aliyeosha kibodi kwa sabuni ya unga na kuianika juani pamoja na mihogo, kuku wakadonoa herufi tatu, naye akaja kunilaumu kwamba herufi zenyewe zilikuwa dhaifu. Kuna katibu wa ushirika wa Kalunguta aliyeniletea kompyuta ndani ya gunia la maharage, wadudu wote wa gunia wakiwa wamehamia ndani ya sanduku la umeme. Nilipomuuliza kwa nini gunia, aliniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. "Papa, mu gunia hapana mutu ataiiba." Na kweli haikuibwa.

Sasa kelele. Nitasema mara moja tu. Feni ikilia tik-tik-tik, kuna waya unaogusa mapanga yake. Usogeze waya, nenda nyumbani. Ikisaga kama mtu anayetafuna mchanga, mhimili wake umekwisha, ibadilishe. Ikianza kimya, kisha baada ya dakika chache ikapanda sauti na kuvuma, ikashuka, ikapanda tena, hiyo feni haina ugonjwa wowote. Inakimbia kwa sababu kuna joto chini yake, na imetumwa kulipoza. Ukibadilisha feni hiyo utakuwa umebadilisha mtu anayepiga yowe nyumba ikiungua. Haya nimeyajua miaka mingi. Nayaandika ili muone kwamba kujua hakusaidii kitu.

Mama Zaituni mnamfahamu, angalau kwa sura. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa msafirishaji, na familia yao ni ya Waislamu wa Beni waliohamia Butembo kwa biashara. Mume alipofariki, ndugu zake walitaka lori liendelee kutembea chini ya mikono yao. Mama Zaituni akaliuza na kununua kompyuta kumi mpya, za mezani, zikatoka Dubai zikapita Kampala na Kasindi zikafika dukani kwake zikiwa na nailoni zake. Sokoni watu walicheka. Mjane, wakasema, ameuza magurudumu kununua masanduku. Lakini alikuwa tayari na mnunuzi: shule moja ya sekondari ya Beni ilitaka zote kumi kwa darasa lake la kompyuta. Préfet, yaani mkuu wa shule, mtu wa Kasaï aliyetumwa huku na serikali, alitoa sharti moja. Moja iende kwanza, ifanye kazi wiki tatu. Ikiwa nzuri, tisa zitafuata. Ikiwa mbaya, na ile moja itarudi. Ikirudi, Mama Zaituni hana lori, hana mnunuzi, na ana shemeji watatu wanaongoja kusema tulimwambia.

Mnajua desturi yetu ya hapa. Hakuna anayenunua kompyuta mpya bila kuifungua mbele ya mashahidi. Tumeumwa na nyoka, tunaogopa kamba: kuna watu waliolipia sanduku zuri wakakuta ndani uzee mtupu. Kwa hiyo fundi anaitwa, anafungua dukani, anaonyesha kila kitu, kisha anafunga na kubandika karatasi yenye sahihi yake juu ya mlango wa mashine. Karatasi hiyo ndiyo imani. Fundi wa kuibandika nilikuwa mimi, na sitajifanya kwamba sikuifurahia kazi hiyo.

Siku hiyo duka lilijaa. Mjumbe wa préfet alikuwepo, majirani, wapita njia, shemeji wawili. Nilifungua mashine juu ya meza ya duka nikieleza kama padri. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba sanduku linaweza kuwa jipya na prosesa, ule ubongo wenyewe, ikawa ya zamani, nani anajua? Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa hiyo nikafungua hata feni, ile feni iliyobebwa na radieta ndogo ya aluminiamu inayokaa juu ya prosesa kwa miguu minne ya plastiki. Nikafuta dawa nyeupe inayopitisha joto, ili maandishi yasomeke, na nikawasomea. Watu wakaridhika. Nikarudisha radieta, nikabonyeza miguu, nikafunga, nikawasha dakika mbili. Kimya kabisa. Nikatia sahihi kwa kalamu ya buluu, na mashine ikapakiwa kwenda Beni.

Wiki haikuisha, préfet akanipigia.

"Monsieur Kasereka, ordinateur yenu iko nafanya bruit. Batoto hapana banasikia mwalimu."

"Ni vumbi, Monsieur le Préfet."

"Mashine mupya, vumbi ya wapi?"

Nilipanda gari kwenda Beni. Wenye kuijua njia hiyo wanajua kwamba mtu hafiki akiwa na subira. Vizuizi vilikuwa vinne, na kwenye kila kimoja nilieleza bisibisi ni za nini. Nikakuta kompyuta imeshatolewa darasani, imekaa ofisini kwa préfet juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na kingine cheupe chenye maua kimefunika kichwa chake mpaka chini. Kina mama wa kamati ya wazazi walikuwa wamekileta siku mashine ilipoombewa. Nikakitoa. Katibu wa shule akakirudisha, akisema ni zawadi. Nikakitoa tena, nikakikunja, nikakikalia. Kelele ikabaki ileile.

Ilianza kimya, ikapanda, ikavuma, ikashuka, ikapanda. Nimeshawaambia maana yake. Nilikuwa nimewafundisha hilo vijana wasiopungua ishirini. Lakini akili yangu ilipotaka kwenda chini ya feni ilikuta pale karatasi yenye sahihi ya buluu, ikageuka. Pale chini nilishapita mimi, na nilipopita mimi hakuna kosa. Nikaweka bisibisi sikioni kwa madaha, préfet na katibu wakinitazama, nikasema: "Hii feni ni ya bandia."

Ulimi hauna mfupa. Neno hilo lilifika Butembo kabla yangu. Niliposhuka garini, muuza mikate wa pale stendi aliniuliza kama ni kweli kompyuta za yule mjane ni za bandia zote. Nikasema nimesema feni, si kompyuta. Akatikisa kichwa kwa huruma, na nilijua kwamba mteja wake anayefuata atapewa habari pamoja na mkate.

Mama Zaituni hakunipigia simu. Alikuja mwenyewe atelier, akasimama mlangoni.

"Papa Kasereka. Ulisema vitu yangu ni ya bandia?"

"Nilisema feni, Mama. Feni moja."

"Mu soko balisikia kumi." Akaweka mezani feni mpya ndani ya mfuko wake. "Niliagizisha hii Kampala. Uende uitie. Na kama haiko feni, unambie mapema, ju niko na siku kumi tu."

Nilirudi Beni. Vizuizi vinne, maelezo manne. Feni ile hukaa juu ya radieta kwa skrubu nne ndogo, kwa hiyo nilitoa ya kwanza na kutia ya pili bila kugusa kilicho chini. Nikawasha. Feni mpya ikaanza kimya, ikapanda, ikavuma vizuri kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ilikuwa na nguvu zaidi. Préfet aliziba masikio kwa vidole viwili, na mimi nikakasirika kama niliyetukanwa. Nikalaumu umeme. Nikalaumu joto la Beni, na hapo nilikuwa karibu na ukweli bila kutaka: hapa kwetu juu kuna baridi, na mashine yenye kasoro inaweza kukaa kimya dakika mbili mbele ya mashahidi, kule chini hewa yenyewe ina homa. Nikalaumu hata meza. Nilipomaliza kulaumu, préfet akanionyesha barua aliyokuwa ameshaiandika, ya kurudisha mashine na kufuta maombi ya zile tisa. Ilikosa tarehe tu. "Ijumaa," akasema, "nitatia date."

Ijumaa hiyo, habari ya barua ikiwa imeshamfikia, Mama Zaituni alikuwa amefika kabla yangu. Nilimkuta ofisini kwa préfet, mtandio wake ukiwa na vumbi la njia, na kando yake sanduku moja kati ya yale tisa, halijafunguliwa, limefungwa kwa utepe wa kiwandani. Aliomba ruhusa, akasema bismillahi, akakata utepe kwa wembe. Tukaiweka mashine ya pili kando ya ile ya kwanza, juu ya meza moja, kwenye umeme mmoja, bila kitambaa. Tukaziwasha zote mbili na kukaa.

Baada ya dakika tano moja ilikuwa inavuma. Nyingine ilibidi uisogelee ujue kama inafanya kazi.

"Monsieur le Préfet," akasema Mama Zaituni, "zote zilitoka kiwanda moja, zikapanda gari moja, zikapita njia moja. Hii hapana mutu aliifungua. Ile, Papa Kasereka aliifungua." Hakunyanyua sauti. "Miye siko fundi. Niko nauliza tu."

Wakati huohuo kengele ililia na préfet akaitwa uwanjani. Tukabaki wawili. Nikavunja karatasi ya sahihi yangu, nikafungua, nikang'oa radieta. Miguu mitatu ilitoka kwa kubanwa, kama inavyotakiwa. Wa nne ulikuwa haujawahi kufunga. Nilikuwa nimeubonyeza nikizungumza na watu, sikusikia mlio wake. Na juu ya prosesa, pale ambapo dawa nyeupe inapaswa kuwa, chuma kilikuwa kitupu na kung'aa. Nilikuwa nimeifuta watu wasome, na sikuirudisha. Tyubu ya dawa ilikuwa mfukoni mwangu siku ile. Ilikuwa mfukoni mwangu hata sasa.

Aibu ile niliisikia mpaka kwenye vidole. Nilitia dawa, punje moja kubwa kama ya harage, nikabana miguu minne nikihesabu mlio wa kila mmoja, nikafunga, nikawasha. Kimya. Mama Zaituni alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

Kabla sijajibu, préfet akaingia. Akasikiliza mashine mbili, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Alors? Shida ilikuwa wapi?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi. Neno lilikuwa fupi: ni mimi. Lakini nilifikiria sahihi zangu zote zilizobandikwa kwenye kompyuta za Butembo, Beni na Lubero, na nikatafuta mtu wa kulaumiwa ambaye hataumia. Kwetu yupo mmoja, anabeba makosa ya kila mtu tangu enzi za baba zetu.

"Ni barabara, Monsieur le Préfet. Mashimo. Yalitikisa, muguu moja ikaachia."

Nilidhani nimeokoa watu wote watatu. Préfet alifikiri kidogo. Ni mtu makini, mwalimu wa hesabu, na alifanya hesabu yake mbele yetu. "Donc," akasema, "barabara ikitikisa moja, itatikisa na zile ingine. Leo hii ya pili iko kimya. Mais kesho? Na mimi fundi niko naye wapi hapa Beni?" Akafungua droo, akatoa barua, akatia tarehe.

Mama Zaituni aliniangalia. Hakumwangalia préfet hata kidogo. "Papa Kasereka, sema bizuri. Ni barabara?"

Nikasema ni barabara.

Akafunga mashine zake mbili ndani ya masanduku, mwenyewe, akikataa nisaidie. Zile kumi aliziuza baadaye moja moja, kwa watu wa mbali ambao hawakuwa wamesikia, nyingine mpaka Mahagi. Ilimchukua karibu miaka miwili. Shemeji zake walisema walichokuwa wanangoja kusema. Leo anauza vitenge, na akipita mbele ya atelier anasalimia vijana wote, mmoja mmoja, kisha anaendelea na safari. Na mimi niliendelea kubandika karatasi. Wateja waliongezeka, kwa sababu walisema fundi Kasereka anatambua vitu vya bandia.

Nimekasirikia wateja, umeme, kuku, vitambaa na simu zenu katika kurasa hizi, na yote hayo ni kweli. Lakini hasira inayonifanya niandike ni hii moja, na haina mtu mwingine wa kumpelekea. Feni zote mbili zilikuwa nzuri. Kompyuta zote kumi zilikuwa nzuri. Kibaya kilikuwa mkono wangu kwa muda wa dakika moja, kisha mdomo wangu kwa miaka sita.

Juzi niliyapeleka maandishi haya kwa Mama Zaituni kabla ya kuwapa ninyi. Alikuwa anapima kitenge cha mteja. Alimaliza, akakata, akakunja, akampa mteja, ndipo akapokea karatasi zangu. Alizisoma zote amesimama, taratibu, kidole chini ya mstari. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Hakuniachia mahali pa kuyaweka. Alirudi kwenye ukurasa wa mwisho, akaugeuza, akaangalia nyuma yake, akanirudishia.

"Hapa uliandika Kasereka tu," akasema. "Mu Butembo kila nyumba iko na Kasereka. Tia na jina ya baba yako, na mahali ya kazi, ju bantu basilaumu mwingine."

Akaniazima kalamu yake, nikaandikia juu ya meza ya vitenge.

Kasereka, mwana wa Mathe Kitsa, fundi wa atelier ya nyuma ya soko kuu, Butembo. Ndiye mimi.